Mpishi akae wapi?

Kamusi ndogo ya Kiswahili ninayoitayarisha kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo imo ndani ya kompyuta, katika jedwali: kila neno na mstari wake, kisha safu za mzizi, ngeli na maana. Nikiiomba programu maneno, inanipa, lakini mpangilio haiuahidi. Tangu E. F. Codd alipoeleza nadharia ya majedwali haya mwaka 1970, mistari huhesabiwa kama vitu ndani ya kapu, hakuna cha kwanza wala cha mwisho. Anayetaka mpangilio aagize mwenyewe: ORDER BY, kisha ataje safu.

Kutaja safu ni kutoa hukumu ya kiisimu. Nikitaja neno, mapishi na mpishi huenda M, pika P, upishi U. Ukoo mmoja umetawanyika. Nikitaja mzizi, wote hukaa pamoja, na ndani ya ukoo nawapanga kwa ngeli. Ila ngeli zikiandikwa kama maandishi, kompyuta hulinganisha alama kwa alama: 1, 10, 11, ndipo 2. Zikiandikwa kama namba tupu, ngeli 1a, ya kina baba na mama, haina pa kuingilia. Basi nimeongeza safu ya namba ya kupangia tu, ambayo msomaji haioni.

Kamusi ya Johnson ya 1939 humweka mpishi chini ya pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 humweka penye M. Moyo wangu uko kwa Johnson. Lakini shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, anaisubiri kamusi hii kwa wanafunzi wake. Mtoto anayetafuta mwizi atajuaje aende kwa iba? B imegeuka z, na hakuna aliyemwambia.

Ndani ya kompyuta hakuna ugomvi: jedwali moja, maagizo mawili, kila mtu na orodha yake. Karatasi ndiyo inayobana. Jopo litapokea nakala iliyochapwa, yenye mpangilio mmoja, na mwalimu anayeniongoza anataka mizizi. Wiki hii nimeagiza kwa neno, mzizi nikauweka pembeni mwa kila mstari. Kikao chetu ni Alhamisi.