Adhana ya Mwezini na Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nina deni la kulipa mbele yenu, na deni la maneno ni zito kuliko deni la fedha.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia, darasani na hata juu ya mimbari, kisa cha mwanaanga Neil Armstrong. Mnakijua. Kwamba alipokanyaga Mwezi, Julai 1969, alisikia sauti asiyoifahamu. Baadaye akafika Misri, ikaadhiniwa, akashtuka: sauti ni ileile! Akasilimu. Kisa hiki nilikipata nikiwa kijana wa madrasa, kwa mwalimu niliyempenda, nami nikakibeba kama kilivyo. Kila nilipokisimulia watu walipiga takbira.

Ijumaa moja, baada ya swala, kijana anayeuza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey alinisubiri mpaka watu wakapungua. Akanisalimia kwa adabu, akasema: "Shehe, samahani, nina swali, wala si ubishi. Mwezini hakuna hewa. Sauti inapita wapi?"

Kabla sijajibu akaniambia kilichomleta hasa. Meza yake ya biashara anashirikiana na mwenzake asiye Muislamu. Alimsimulia kisa kile kwa furaha. Mwenzake akatoa simu, akatafuta, akakuta kwamba Armstrong mwenyewe alikanusha, na kwamba mwaka 1983 serikali ya Marekani iliziarifu balozi zake katika nchi za Kiislamu kuwa mtu huyu hakusilimu. Kisha yule mwenzake akamuuliza: "Na hayo mengine mnayoambiwa msikitini, nayo yako hivihivi?"

Ndugu yangu, swali hilo lilininyima usingizi. Kijana wa watu alipeleka da'awa kwa nia safi, na mimi ndiye niliyempa sarafu bandia aende nayo sokoni.

Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari nikasema: nilikosea, kisa kile si kweli, Allah anisamehe. Wengi walinipokea vizuri. Lakini mzee mmoja alinifuata akaniambia: "Shehe, ungeacha tu. Kilikuwa kinatia watu imani." Alisema kwa mapenzi, na najua wengi mnawaza kama yeye. Basi nikujibu wewe kama nilivyomjibu yeye.

Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim. Siku ileile Jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema Jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikiria, ndugu yangu! Hakuna aliyewatuma. Angenyamaza tu, wangezidi kumtukuza. Naye yumo katika msiba, kifua kimejaa huzuni. Lakini hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba Jua na Mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi mtu, na tukiona hali hiyo tuswali na tuombe. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtume aliukataa uongo uliokuwa unamsifu yeye mwenyewe. Sasa mimi na wewe ni nani tuutetee uongo kwa jina lake?

Tena, uongo wenyewe tunautafutia nini, na ukweli umejaa tele? Niwape habari moja ya kweli, na ya hapa kwetu.

Wengi wenu mnapita Barabara ya Uhuru kila siku, kutoka Mnazi Mmoja, Kariakoo, mpaka Buguruni. Je, unajua kuwa neno hilo liliwahi kupanda mbinguni? Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la baharini liitwalo San Marco, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, ilirushwa setilaiti. Chombo na roketi vilikuwa vya Wamarekani, waliorusha ni Waitalia, bahari ni hii yetu. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, basi setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend.

Kwa nini waje pwani yetu? Kwa sababu tuko karibu na ikweta. Dunia inajizungusha, na hapo ikwetani ndipo mzunguko una kasi kubwa kuliko kwingine, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure.

Uhuru ilikwenda kutafuta eksirei, mionzi ya aina ileile unayopigwa hospitali kuangaliwa kifua. Vitu vingi vya angani vinatoa mionzi hiyo, lakini hewa ya Dunia inaizuia isitufikie. Alhamdulillah, vinginevyo ingetudhuru! Ndiyo maana anayetaka kuiona sharti atoke juu ya hewa. Kabla ya hapo roketi zilipanda na kuchungulia kwa dakika chache tu. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikapekua anga zima, ikatupatia orodha ya vyanzo 339. Iligundua pia kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Chanzo kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zikipanda na kushuka kwa muda usiofika sekunde moja. Hilo lina maana gani? Ukitaka maduka yote ya Mtaa wa Msimbazi yazime taa kwa pamoja, lazima kwanza habari ipite duka hadi duka. Duka moja linazima papo hapo. Na angani hakuna habari inayokwenda kasi kuliko mwanga. Kitu kinachobadilika haraka namna ile lazima kiwe kidogo sana. Lakini nyota kubwa iliyo jirani inakizunguka kila baada ya siku 5 na nusu hivi, ikionesha kuwa kina uzito mkubwa ajabu. Kidogo, kizito, wala hakionekani. Ndicho kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti ule, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa tazama tahadhari yao. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne, akidai Cygnus X-1 si shimo jeusi. Kamari ni haramu, hilo msiige! Lakini igeni hili: mwaka 1990, ushahidi ulipomtosha, alikiri hadharani kuwa ameshindwa. Na mwaka 2021 watafiti walipima upya wakakuta shimo lile ni zito kuliko walivyodhani, yapata mara 21 ya Jua letu.

Hapo pana somo kwetu sisi wahubiri. Wapo wanaochukua aya, wanaining'iniza kwenye kila ugunduzi: hii ndiyo shimo jeusi, hii ndiyo namba fulani. Kesho namba ikirekebishwa, utairekebisha na aya? Qur'ani haihitaji cheti kutoka kwa wataalamu wa anga. Surat Aal-Imran, aya ya 190 na 191, inatuita tutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, na tafakuri haiwezi kusimama juu ya habari ya kutunga.

Cygnus X-1 iko umbali wa miaka ya mwanga 7,200 hivi. Mionzi inayotufikia leo, Mtume wetu alipozaliwa, ilikuwa imeshasafiri zaidi ya miaka 5,000 na bado haijafika. Subhanallah! Hapo kuna haja gani ya kuongeza chumvi?

Basi nakuomba, ndugu yangu. Ukiletewa ujumbe kwenye kundi unaosema "wanasayansi wamethibitisha", usiusambaze kabla hujajua ni nani, lini, na walipima nini. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuhakikisha habari. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Kama ulishasambaza, rudi kundini useme nilikosea. Hutapungua.

Na wewe kijana wa Aggrey, ukiisoma hii, Allah akulipe kheri. Mwambie mwenzako kwamba msikitini pia tunasahihishana. Mwambie na habari ya Uhuru. Hiyo akiitafuta kwenye simu, ataikuta.

Wabillahi tawfiq.