Faili la Mama

Mama alipomaliza mionzi ya titi, siku 25 za Jumatatu hadi Ijumaa, tulipika pilau. Alama za wino alizokatazwa kuzisugua zilikuwa bado kifuani. Tulirudi Tanga, faili tukalifungia kabatini, wala hakuna aliyetamani kuliona tena.

Mwezi wa pili baada ya kurudi, akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, na homa ndogo ya jioni. Mimi kilichonishtua ni nazi. Mama yangu, aliyezoea kukuna nazi mbili huku anapiga soga, sasa amekaa juu ya mbuzi, kizio mkononi, kimya, anatafuta pumzi. Nazi moja, anapumzika mara tatu. Usiku analala ameegemea mito.

Tuliambiwa ni nimonia. Akameza dozi mbili za antibayotiki. Akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Siwalaumu sana waliompima, maana kwetu kikohozi cha wiki kadhaa humfanya kila daktari awaze TB. Lawama naiweka nyumbani. Jibu lilikuwa kabatini mwetu na hatukulitaja. Kila mmoja alikuwa akiogopa kimoyomoyo kwamba saratani imepanda mapafuni, na kwa hofu hiyo hakuna aliyethubutu kuitamka mbele ya daktari.

Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza: "Mama, umewahi kupigwa mionzi kifuani?"

Akatufafanulia. Mionzi ikilenga titi au umio, sehemu ya pafu lisilo na ugonjwa nayo huguswa. Kwa baadhi ya wagonjwa, wiki kadhaa hadi miezi 6 baada ya kumaliza, pafu huvimba palepale mionzi ilipopita. Hakuna kijidudu hapo. Ndiyo maana antibayotiki hazikusaidia. Kwenye picha ya CT alituonyesha kivuli chenye ukingo ulionyooka kama uliopigiwa rula. Ugonjwa wa kuambukizwa, alisema, kwa kawaida haujipangi hivyo. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Sisi tulishafunga hesabu, kumbe mwili wa mama ulikuwa bado unahesabu.

Akaandikiwa prednisoloni. Wiki haikuisha akawa anakuna nazi na kusimulia. Akaona amepona, akaacha dawa bila kutuambia, na kikohozi kikarudi. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, haikatwi ghafla. Safari ya pili aliimeza hadi kidonge cha mwisho, nami nikihesabu naye.

Lile faili sasa analibeba mkobani pamoja na kadi ya bima. Nawe, kama una mzazi, ndugu au mwenzi aliyepigwa mionzi kifuani, akianza kukohoa au kuhema, msingoje mpaka muulizwe. Neno la kwanza kwa daktari liwe hilo: alipigwa mionzi, upande huu, akamaliza mwezi fulani.