Gia ya mbele ikigoma, usikimbilie mfukoni

Kama nyumbani kwako kuna kijana anayeendesha baiskeli ya mbio, ile nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, bila shaka umeyasikia malalamiko haya: "Gia ya mbele haipandi!" Au: "Mnyororo wachomoka kila mara!" Nasi wazazi na walezi, kwa kuwa vyombo hivi hatukukua navyo, hutoa pesa kijana akamwone fundi. Leo nakuomba usubiri kidogo kabla ya kutoa.

Baiskeli tulizozizoea hapa kisiwani Mombasa ni zile nyeusi nzito, ambazo ukishazijaza upepo na kuzitia mafuta huna la zaidi. Hii ya mbio ina mambo yake. Penye pedali kuna maduara mawili ya meno, moja kubwa la kwenda kasi na moja dogo la kupandia mlima. Juu yake kuna kichuma chenye mbavu mbili kinachoukumbatia mnyororo. Hicho ndicho direila ya mbele. Ukisukuma wenzo kwenye usukani, waya huvutika na direila huupandisha mnyororo kwenye duara kubwa. Ukiulegeza waya, springi huurudisha kwenye duara dogo. Kazi yake yote ni hiyo.

Utaniuliza, Mombasa kuna mlima gani? Kweli, kisiwa chetu ni tambarare, lakini mwulize anayepanda kutoka Bandari ya Kale kuja Ndia Kuu. Njia ni nyembamba, mbele kuna mkokoteni na nyuma tuktuk inapiga honi. Mnyororo ukichomoka hapo, pedali huwa tupu, mguu ukateleza na mwendeshaji akaanguka. Huko Makupa yanakopita malori ya kwenda na kutoka bandari ya Kilindini, sitaki hata kuwaza. Hata mabingwa hawasalimiki. Mwaka 2010, Andy Schleck wa Luxembourg alikuwa akiongoza mashindano ya Tour de France mnyororo wake ulipochomoka mlimani. Siku hiyo alipoteza sekunde 39 na jezi ya njano ya kiongozi.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi anayekaa Kibokoni, alinijia uso umemsawijika. "Mjomba, fundi asema gia imekufa, yataka mpya." Bei aliyotajiwa ilikuwa nauli yake ya mwezi mzima. Nikamwambia, "Ngoja kwanza mwanangu, tuitazame." Tulipoitazama, direila ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni waya, ambao bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya direila.

Adui mkubwa wa vyuma hapa pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huileta hadi ndani ya nyumba, nayo huingia kwenye mrija wa waya na kwenye viungo vya direila, ikafanya kutu. Kwa hiyo anza na usafi. Chukua mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kidogo, usugue mnyororo na direila, ukaushe kwa kitambaa, kisha tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Mara nyingine ugonjwa huishia hapo.

Usipoisha, upime waya. Weka mnyororo kwenye duara dogo, na mtu aishikilie baiskeli kwa kiti ili gurudumu la nyuma lininginie. Kama waya umepita nje ya fremu, uvute kwa kidole huku ukizungusha pedali. Mnyororo ukipanda bila taabu, direila haina kosa. Waya umelegea, au umeshika kutu ndani ya mrija, au wenzo una kasoro. Uliolegea hukazwa. Wenye kutu au nyuzi zilizokatika hubadilishwa, pamoja na mrija wake. Direila isiposogea hata ukivuta, viungo vyake ndivyo vilivyoganda.

Kisha tazama mkao wa direila. Ubavu wake wa nje uwe juu ya meno ya duara kubwa kwa milimita 1 hadi 3, na uende sambamba nayo. Ikipigwa na mlango au ikigongwa, hupinda na kuanza kukwaruza.

Mwisho kabisa ndipo uzifikie zile skrubu mbili ndogo, aghalabu zenye alama L na H. Wengi huanzia hapa, wakazidi kuharibu. L huuzuia mnyororo usiangukie ndani, upande wa fremu, na H huuzuia usiangukie nje, upande wa mguu. Ukianguka ndani, kaza L. Ukianguka nje, kaza H. Zungusha robo tu, ujaribu, ndipo uzungushe tena.

Isitoshe, mfunze kijana namna ya kuendesha. Abadilishe gia kabla ya kufika mlimani, na wakati wa kubadilisha apunguze nguvu ya mguu. Asiuweke mnyororo kwenye duara kubwa mbele na kubwa nyuma. Hapo huenda msumari, na kelele zake si ugonjwa.

Sisemi mafundi wetu hawafai. Wapo hodari, na meno yakiisha au fremu ikipasuka hatuna budi kuwaendea. Lakini anayekwenda kwa fundi akijua kinachomuuma hatauziwa asichohitaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi moja kwa mwezi, keti na mwanao barazani, mswaki mkononi, muisafishe baiskeli pamoja. Atajua chombo chake, na barabarani atakuwa na amani zaidi.