Ufunguo Mpya, Gari Lile Lile

Toyota ya mjomba, inayobeba abiria Mugumu hadi Tarime kupitia Nyamongo, ndiyo inayonilipia ada. Kwa hiyo swichi yake ilipovunjika likizo iliyopita, na mimi nilikosa usingizi. Fundi akafunga swichi mpya na ufunguo wake. Stata inazungusha, injini inashika kidogo, inazima. Taa nyekundu kwenye dashibodi inapepesa tu. Fundi akasema kontroboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Bei yake? Muhula wangu mzima.

Kumbe gari zima kabisa, lilikuwa linamkatalia mwizi! Kwenye kichwa cha ufunguo wa zamani kuna chipu isiyo na betri. Koili inayozunguka tundu la swichi huiamsha, nayo hutoa namba yake. Kontroboksi isipoitambua, inazima injini. Ufunguo mpya ulikuwa chuma kitupu.

Fundi umeme mmoja wa Tarime alituelekeza kwa simu: shikeni ule wa zamani karibu na swichi, zungusheni mpya. Wa zamani wenyewe watoto walishaugeuza mdoli. Tukawanyang'anya, wakalia. Injini ikawaka, ikatulia. Tukahamisha chipu, mjomba akaondoka kwenda stendi bila hata kunawa mikono.