Mapambo ya Likasi: Shaba, Jiwe na Karatasi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi, akiisha kupita kilomita zipatazo 120, huingia Likasi, mji ambao mpaka mwaka 1966 uliitwa Jadotville. Wengi wausikia kwa ajili ya viwanda vyake, hasa kile cha Shituru, ambapo shaba ilianza kusafishwa kwa nguvu za umeme mwaka 1929. Sisi lakini hatukuvutwa na moshi wa viwanda. Tulitaka kujua habari za mapambo, yaani vile vitu vidogo vya shingoni na mkononi ambavyo watu wa nchi hii wamejifanyizia tangu zamani.

Na zamani hizo ni za mbali sana. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, wakaona bangili na mikufu ya shaba waliyozikwa nayo watu yapata miaka 1000 iliyopita. Wala si wakubwa tu waliopambwa. Watoto nao walikuwa na vyao.

Katika karne ya 19 walikuja Wayeke kutoka pande za Unyamwezi, pamoja na Msiri, yule aliyeuawa Bunkeya mwaka 1891. Mafundi wa shaba wa Katanga waliitwa “wala shaba”, na Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyepata uaskofu baadaye, aliandika habari zao mwaka 1926. Kiangazi kilipofika na mavuno kuwekwa ghalani, watu walikwenda vilimani. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, wanaume walichimba. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa makaa na mawe, na mivukuto ya ngozi ikavuma mpaka shaba ikayeyuka. Shaba hiyo ilimiminwa katika kalibu, ikatoka katika umbo la msalaba, nayo ikatumika kama fedha na kama mahari. (Msomaji asidhani kwamba ni msalaba wa Wakristo! Ulikuwako kabla ya mapadre, na mikono yake yakaa kama herufi X.)

Lakini kazi iliyotushangaza zaidi ni ile ya uzi wa shaba. Fundi alikiponda kipande cha shaba kwa nyundo hata kikawa kama fimbo nyembamba, akakivuta kwa nguvu katika tundu la chuma, kisha katika tundu jembamba zaidi, na jingine tena, hata uzi ukakaribia wembamba wa unywele. Ndipo alipouzungusha juu ya kiini cha nyuzi au singa, zungu kwa zungu, pasipo kuacha nafasi, akapata kikuku chepesi, chenye kupindika bila kuvunjika.

Siku hizi katika Katanga lile jiwe la kijani, malakiti, huchongwa lenyewe kuwa shanga na vikuku. Ni zuri mno kwa mistari yake, tena si gumu. Walakini vumbi lake lina shaba, na mtu alisagaye siku kutwa bila kulowesha jiwe na bila kufunika pua hudhuru mapafu yake. Na kulipata jiwe kuna hatari kubwa zaidi. Karibu na Likasi ndipo lilipo shimo la Shinkolobwe, lililotoa urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Serikali ilikataza watu kuchimba huko mwanzoni mwa mwaka 2004, wao wakaendelea kuingia. Mwezi wa Julai mwaka uo huo udongo ukaporomoka, wakafa watu wapatao wanane. Ni nani awezaye kumlaumu mzazi aliyekuwa akitafuta karo? Hata hivyo twaona ni bei kubwa mno.

Kwa hiyo twapenda kuwaeleza akina mama na wanafunzi pambo jingine, lisilotaka shimo. Kampala, katika mtaa wa Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wanawake waliokuwa wakivunja kokoto walijifunza kufanyiza shanga za karatasi, na tangu mwaka 2004 shanga hizo zimeuzwa mpaka Marekani. Kazi yenyewe ni ndugu wa kikuku cha Wayeke, kwa kuwa yote ni kuzungusha. Kata karatasi ya kalenda kuukuu, au ya kaki ya mfuko wa simenti uliokung’utwa vizuri, iwe pembetatu ndefu, sentimita 30 kwa urefu na 2 kwa kitako. Anzia upande mpana, uzungushe juu ya sindano nene, ukikaza sana. Ncha uibandike kwa gundi, kisha uchomoe sindano. Ushanga hutokea mnene katikati na mwembamba pembeni. Ukiisha kukauka, upake vanishi mara mbili au tatu, kila mara ukingoja ukauke kivulini. Karatasi ya kaki hutoa rangi ya mbao, nasi twaipenda kuliko zile za kung’aa. Maji tu ndiyo adui yake: msichana aendaye kisimani na auvue mkufu kwanza.