Shangazi wa Kiswere na Shamba Lake la Madumu

Leo mastaa tuwaache wapumzike. Nawaletea mtu ambaye hana Insta, hana hata simu ya tachi, lakini bustani yake inazifunika nyingi mnazoposti humu.

Ni shangazi yangu, yuko Kiswere, wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Jina nalibana, akijua nimemwandika atanikalisha kitako.

Aliporudi nyumbani baada ya talaka, alikuta mikorosho na minazi ya babu imeshagawanywa kwa kaka zake. Yeye akapewa chumba kimoja na kauani ka hatua sita kwa nne. Hakugombana na mtu. Akaanza kuokota madumu.

Sasa hivi ukutani kwake kumeegemea kichanja cha miti, ngazi tatu. Juu kuna pilipili na bilinganya, maana zinapenda jua. Katikati mchicha na figiri. Chini, kwenye kajikivuli, giligilani. Kila dumu kalikata mdomo na kulitoboa chini, akatanguliza vijiwe ili maji yasituame, ndipo akajaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Akimwagilia ngazi ya juu, maji yanachuruzika mpaka ya chini, kwa hiyo ndoo moja ya maji inafanya kazi mara tatu. Kuku je? Kafunika na wavu chakavu wa wavuvi. Wanaishia kuchungulia tu.

Mimi mtoto wa mjini nikajifanya mjuaji. Nikamwambia habari za Kibera, Nairobi. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, chakula kilikuwa shida kule, hata soko la Toi lilikuwa limeteketea. Shirika moja la Kifaransa, Solidarités, likawasaidia watu kulima kwenye magunia: katikati unasimamisha nguzo ya mawe ya kupitisha maji, pembeni unatoboa matundu na kupachika miche, juu unapanda mingine. Gunia moja, kijishamba kizima mlangoni. Nikamuuliza, “Shangazi, kwa nini na wewe usitumie viroba?”

Akacheka. “Mwanangu, kiroba kikijaa udongo na maji, nani atanibebea?”

Sikumwelewa mpaka mwaka 2023, nikiwa kule likizo. Jioni moja baba mkubwa akaja kusema kauani anakataka, anajenga banda la pikipiki. Basi. Hakuna kikao, hakuna “dada unaonaje”. Shangazi akajibu, “Sawa kaka.” Alfajiri akafunga kanga kiunoni, akaanza kuhamisha dumu moja moja kwenda upande wa pili wa nyumba. Adhuhuri ilipoadhiniwa, kichanja kilikuwa kimeshasimama upya na mboga zimemwagiliwa.

Hapo ndipo nikagundua kwamba kila dumu mle ndani lilikuwa na uzito ambao mikono yake miwili inauweza. Hajapanda mpapai. Hajapanda mwembe. Hajapanda kitu chochote kinachohitaji ruhusa ya mtu ili kibaki pale. Watu wakipita wanasema ana mkono wa mimea, na kweli anao. Ila mimi nilichokiona siku ile ni mwanamke ambaye ameshahamishwa sana.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake. Barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika Somanga, malori yakakwama, nyanya na vitunguu vya kutoka huko juu vikawa vya kutafuta kwa tochi. Wake wa kaka zake wakawa wanatuma watoto na mabakuli. Shangazi alikuwa ameshusha madumu yote mapema na kuyabana ukutani, upepo haukuyakuta juu. Akachuma, akagawa, hakumkumbusha mtu chochote. Mimi ningesema, wallahi. Yeye ana moyo mwingine.

Naandika haya nikiwa Mbagala, kwenye chumba cha kupanga. Kodi tunalipa ya miezi sita, na mwenye nyumba akiamka vibaya unaambiwa kuna ndugu yake anahamia. Wengi wetu tunasema tutalima tukijenga. Shangazi hajajenga, na anakula mboga yake kila siku.

Kwa hiyo mpangaji mwenzangu, anza na vyombo vitatu. Chagua ulivyoweza kuvinyanyua vikiwa vimelowa, siyo vikiwa vitupu. Tafuta sehemu inayopata jua angalau nusu siku. Anza na mchicha, wiki tatu nne unachuma. Ukikata juu na kuacha kisiki, unachipua tena. Matembele hata mbegu hununui, ni vipande vya shina tu. Vyombo vya rangi na vya dawa achana navyo. Shangazi mwenyewe mifuko ya salfa ya mikorosho imejaa kijijini, ya bure kabisa, na haigusi. Anasema kilichobeba sumu hakibebi mboga.

Juzi kanipigia kwa simu ya jirani, ana oda: ndoo sita tupu za mafuta ya kula, za lita kumi, zenye mikono imara. Nikamwambia za lita ishirini ndiyo nyingi mjini. Akasema, “Kumi, mwanangu. Siku hizi mgongo nao umeanza maneno.”