Maji Yaliyo Chini ya Jengo

Mwenye kiwanja cha duka au hoteli aghalabu humwuliza fundi bei ya saruji kabla ya kuuliza habari za ardhi anayoikanyaga. Katika jiji la Mexico, mhandisi Leonardo Zeevaert alianza na ardhi. Shirika moja la bima lilitaka jengo la ofisi lenye ghorofa 44, mahali palipokuwa ziwa zamani. Udongo wa hapo ni mfinyanzi laini uliojaa maji. Na ng'ambo ya barabara, jumba la Palacio de Bellas Artes lilikuwa limekwisha kudidimia mita kadhaa.

Zeevaert alitoboa ardhi, akachukua udongo wa kila kina na kuupima, akapima na msukumo wa maji. Aliona kuwa visima vya jiji vilikuwa vikiyavuta maji, na mfinyanzi ukinywea. Ndipo zikashindiliwa nguzo 361 hadi kwenye tabaka gumu la mchanga, yapata mita 33 chini. Lakini lililo bora zaidi, ingawa halionekani, ni hili: maji yaliyovutwa shimoni wakati wa kuchimba msingi yalirudishwa ardhini kandokando, ili majengo ya jirani yasididimie. Jirani naye ana haki yake!

Jengo hilo, Torre Latinoamericana, lilikamilika mwaka 1956, likiwa na kiunzi cha chuma kilichopimwa kulingana na mtikisiko wa udongo ule. Tetemeko la Julai 1957 halikulidhuru. Lile la Septemba 19, 1985 liliangusha mamia ya majengo jijini na kuua maelfu ya watu. Torre Latinoamericana ikabaki wima.